Mstari Mgongoni mwa Chatu

Mwezi wa Aprili, mvua za kwanza zilipokuwa zimelainisha udongo, wavulana watatu wa jirani walifika nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Arua, wakiwa wamebeba gunia la unga ambalo mdomo wake walikuwa wameukaza kwa kamba. Walikuwa wakipalilia karanga za bibi yao waliposhtukia kitu kinajikunja chini ya jembe, na kwa kuwa wawili kati yao ni wanafunzi wangu wa baiolojia, waliona ni heri wamlete kwa mwalimu kuliko kumponda kichwa kama desturi inavyotaka. Nilipofungua gunia nilimkuta chatu mdogo, hajafika hata mita moja, amejiviringisha akawa tufe, kichwa amekificha katikati ya mapindo ya mwili wake.

Tulimngoja. Baada ya kama robo saa alilegeza pindo moja, kisha la pili, na hapo ndipo tulipoona kilichowafanya wavulana wale wasite. Chatu wa aina hii huwa na rangi ya kahawia iliyokolea karibu na weusi, na ubavuni ana mabaka ya rangi ya asali ambayo mara nyingi huwa na nukta nyeusi ndani yake kama macho. Mgongoni mabaka hayo hukatikakatika. Huyu alikuwa na mstari mmoja tu wa rangi ya asali, ulionyooka kutoka shingoni hadi karibu na mkia bila kukatika. Mkubwa wa wale wavulana aliniuliza, "Mwalimu, huyu ni aina nyingine, au ni ileile imezaliwa vibaya?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, na jibu langu halikuniridhisha. Hapa nataka kulitoa lote.

Kwanza, chatu mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Python regius, na makazi yake ya asili yanaanzia Senegali, yanapita Ghana, Togo, Benin na Nigeria, yanavuka Afrika ya Kati, hadi yanakomea huku kwetu kaskazini-magharibi mwa Uganda. Waingereza humwita chatu wa kifalme na Wamarekani humwita chatu wa mpira kwa sababu ya huko kujiviringisha. Mimi nitamwita chatu mpira. Asichanganywe na yule chatu mkubwa ambaye Waganda humwita ttimba, anayeweza kumeza mbuzi. Chatu mpira hazidi sana mita moja na nusu, hana sumu, hula panya, na mchana hulala ndani ya mashimo ya panya au vichuguu vya mchwa. Kwa upole wake huo amegeuka kuwa mmoja wa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani Ulaya na Marekani, na hapo ndipo michoro ya ngozi yake ilipogeuka kuwa biashara.

Mimi nisingejua lolote kuhusu biashara hiyo kama si shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayeishi Leicester nchini Uingereza na anayefuga chatu mpira zaidi ya thelathini katika chumba ambacho dada yangu hajawahi kuvuka kizingiti chake. Mwaka 2019 nilikaa kwao mwezi mzima, Julai hadi Agosti, ambao ndio msimu wa mayai kuanguliwa, na tangu hapo nimekuwa mshauri wake wa hesabu za urithi kwa njia ya simu. Wafugaji wa huko huita kila namna ya rangi au mchoro unaorithiwa "mofu". Msomaji aliyesoma isimu asidhani tunazungumzia viambishi. Neno ni lilelile la Kigiriki lenye maana ya umbo, ila hapa limehamia kwenye ngozi.

Rangi ya nyoka haitokani na dutu moja. Chini ya ngozi yake kuna chembe za rangi za aina mbalimbali: zile zinazotengeneza melanini, ambayo hutoa weusi na kahawia, zile zinazobeba manjano, na zile zenye vibamba vidogo vinavyoakisi mwanga. Ukiziondoa za aina moja, zilizobaki zinaendelea na kazi yake. Ndiyo maana chatu mpira mwenye ualbino si mweupe kabisa: ameondokewa na melanini, lakini manjano yake yamebaki palepale, kwa hiyo mabaka yake hung'aa kama yai lililochemshwa, manjano juu ya weupe, na macho yake ni mekundu. Kinyume chake, mofu inayoitwa Piebald ina mabaka makubwa meupe pepepe ambamo hamna chembe za rangi hata moja, na baina ya mabaka hayo ngozi ina rangi zote za kawaida, na macho ni meusi kama ya wenzake. Mtu akiwaweka wawili hawa pamoja atadhani wana tatizo la namna moja, kumbe ni mambo mawili yasiyohusiana.

Kwa muda mrefu wafugaji walijua tu kwamba sifa hizi zinarithiwa, pasipo kujua ni jeni ipi imeharibika. Bob Clark, mfugaji wa Marekani, alithibitisha mwaka 1992 kwamba ualbino wa chatu mpira hurithiwa, na Peter Kahl akathibitisha hivyo kwa Piebald mwaka 1997. Ilipita karibu miaka thelathini tangu chatu wa Clark ndipo maabara moja ya Chuo Kikuu cha Eastern Michigan, ikiwatumia wanafunzi wa shahada ya kwanza, ilipowaomba wafugaji wawatumie kwa posta magamba ambayo nyoka wao walikuwa wamejivua. Huku ndiko kujivua gamba kwa maana yake halisi, si kule kwa wanasiasa wa Tanzania. Kutoka kwenye magamba hayo walitoa DNA, na mwaka 2022 wakachapisha matokeo: ualbino wa kawaida wa chatu mpira umo katika jeni ya TYR, ambayo hubeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha tirosinesi, kile kinachoanzisha utengenezaji wa melanini. Mofu nyingine mbili zinazofanana nao, Lavender Albino na Ultramel, zimo katika jeni nyingine mbili, OCA2 na TYRP1. Jeni hizi tatu wanadamu tunazo pia, na zikiharibika kwa mtu humletea ualbino. Nimelisoma jambo hili darasani mbele ya mwanafunzi mwenye ualbino, akacheka akasema kwamba basi yeye na chatu ni ndugu. Na kwa maana ya jeni, hakukosea.

Sasa hesabu. Chatu ana kromosomu 36, yaani jozi 18, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo kila jeni ina nakala mbili. Ualbino ni sifa fichu: nakala moja nzima ya TYR inatosha kutengeneza melanini, hivyo nyoka mwenye nakala moja nzima na moja mbovu huonekana wa kawaida kabisa. Nyoka kama huyo wafugaji humwita "heti", na ni neno ambalo nimelizoea kiasi kwamba siku hizi nalitumia hata darasani. Heti wawili wakipandana, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbovu mbili na kutoa albino.

Huku kwetu nalifundisha jambo hili kwa sarafu mbili za shilingi 500. Upande wa korongo ni nakala nzima, upande wa nembo ya taifa ni nakala mbovu. Mwanafunzi mmoja anarusha sarafu ya baba, mwingine ya mama, na nembo zikilala juu zote mbili tunaandika "albino" ubaoni. Ni somo jepesi, na lilinitia aibu Leicester. Shemeji alikuwa na mayai sita kutoka kwa heti wawili wa ualbino, nami, kwa kujiamini kwa mwalimu, nikamwambia atarajie albino mmoja au wawili. Hakupata hata mmoja. Usiku ule nilikaa jikoni kwao nikakokotoa kile ambacho ningepaswa kukikokotoa mapema: robo tatu ikizidishwa kwa yenyewe mara sita inatoa karibu asilimia 18. Maana yake ni kwamba zaidi ya mara moja katika kila mara sita, wazazi kama wale watatoa mayai sita na wote watoke wa kawaida. Yai la sita halijui matano yaliyotangulia yametoa nini. Chatu mpira hutaga mayai machache, sita au saba kwa wastani, na kwa idadi ndogo namna hiyo uwiano wa vitabuni hauonekani kwa macho. Gregor Mendel, aliyechapisha kazi yake mwaka 1866, aliuona kwa sababu alihesabu mbegu za njegere kwa maelfu.

Niliushuhudia mkasa ule kwa macho yangu, nao unastahili kuelezwa. Mayai hukaa kwenye kitotozi chenye joto la kama nyuzi 31 au 32 kwa siku 55 hadi 60. Ganda lake si gumu kama la kuku. Ni laini, kama ngozi iliyolowa, na linapokaribia wakati wake hulegea na kubonyea. Shemeji alichukua mkasi mdogo wa kukatia kucha za watoto, akabinya ganda kwa vidole viwili, akakata kijidirisha cha upana wa ukucha. Ndani ulionekana ute mzito, mishipa myembamba ya damu kwenye utando, na pindo la mwili lenye rangi ya kahawia. "Wa kawaida," akasema. Yai la pili, kahawia. La tatu, pua ndogo ilijitokeza yenyewe, ikapumua mara moja, ikarudi ndani. Kahawia. Wapo wafugaji wanaopinga kukata mayai, wakisema nyoka hujikatia mwenyewe kwa jino dogo lililo mdomoni na hahitaji msaada, na kwa kweli baada ya kukatwa watoto wale walikaa ndani ya maganda siku nzima na zaidi wakimalizia kiini. Nadhani hukatwa kwa sababu mfugaji hawezi kungoja. Na nilipomtazama shemeji akikata yai la sita, nilimwelewa.

Tatizo la sifa fichu ni kwamba heti huuzwa kwa maneno. Hakuna alama ya kuaminika mgongoni inayomtofautisha na nyoka yeyote wa kawaida. Anayemnunua ananunua habari za wazazi wake. Shemeji alipata kununua kwa mfanyabiashara mmoja jike mchanga aliyeelezwa kuwa heti wa Piebald, akiwa na karatasi yenye majina ya baba na mama. Alimlea zaidi ya miaka mitatu, mpaka alipofikia gramu 1,500, uzito ambao wafugaji wengi huuona salama kwa jike kutaga, kisha akampandisha na dume aliye Piebald. Baba anatoa nakala mbovu kila mara, mama heti anatoa mbovu nusu ya mara. Kwa hiyo nusu ya watoto walipaswa kuwa Piebald. Mayai saba yalianguliwa na wote walikuwa wa kawaida. Nikampigia hesabu: nusu kuzidishwa mara saba ni moja kati ya 128. Shemeji alisema bahati mbaya ipo. Aliporudia na kupata watoto watano, tena wa kawaida wote, nafasi ya heti wa kweli kutoa matokeo yale ilikuwa imeshuka hadi moja kati ya 4,096, na sikuwa na la kumfariji. Kichekesho ni kwamba wale watoto kumi na wawili, kwa kuwa baba yao ni Piebald dhahiri, wote ni heti wa kweli bila shaka yoyote. Alikuwa ameuziwa heti wa uongo akazalisha heti wa kweli.

Sitasema kwamba muuzaji alidanganya kwa makusudi. Kumbukumbu za uzazi wa nyoka huvurugika kwa njia ambazo mfugaji wa ng'ombe hazijui. Jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu, na mara chache anaweza hata kuzaa pasipo dume. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis nchini Marekani, chatu mpira jike aliyekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 alitaga mayai saba ilhali hakuwa amekaa karibu na dume kwa zaidi ya miaka 15. Mfugaji anayebadilisha madume msimu hadi msimu bila kuandika tarehe anaweza kumpa mtoto baba asiye wake, kwa nia njema kabisa. Hivi sasa zipo maabara zinazopima jeni kutoka kwenye gamba na kumwambia mnunuzi kama nyoka wake ni heti wa mofu kadhaa, na kwa maoni yangu hakuna sababu tena ya mtu kulipa bei ya heti kwa karatasi peke yake.

Si mofu zote ni fichu. Nyingine huonekana kwa nakala moja tu, na nakala mbili hutoa nyoka wa namna ya tatu. Pastel, kwa mfano, humpa nyoka manjano angavu zaidi. Pastel wawili wakipandana, robo ya watoto hupata nakala mbili na kung'aa zaidi ya wazazi, nao huitwa Super Pastel. Mojave kwa Mojave hushangaza zaidi: wazazi wote wawili ni kahawia wenye michoro iliyobadilika kidogo, na robo ya watoto wao ni weupe wenye macho ya buluu na kivuli cha kijivu kichwani. Wafugaji huita urithi huu kwa jina ambalo wanajenetikia hulitumia kwa jambo lingine, na nimeacha kubishana nao. Kisha kuna ugumu wa majina: kila anayepata nyoka wa ajabu humpa jina lake, na baadaye hugundulika kwamba majina matano yalikuwa aleli, yaani namna tofauti, za jeni moja, au hata aleli moja yenye wafanyabiashara watano. Mojave, Lesser na Butter zote ni za kundi hilo moja la weupe wenye macho ya buluu. Ukichanganya mbili kati yake unapata mweupe vilevile, jambo ambalo lisingetokea kama zingekuwa jeni tofauti.

Nimefika mahali ambapo hesabu zangu na dhamiri yangu haziketi pamoja, nako ni kwa mofu inayoitwa Spider, yaani buibui. Ni nzuri, sitajifanya kuwa siuoni uzuri wake. Mabaka ya ubavuni yamepanuka na kusogeleana, weusi umebaki nyuzi nyembamba tu kama utando, na rangi ya asali imetawala. Yule wa kwanza aliletwa Marekani kutoka Afrika mwaka 1999, Kevin McCurley akathibitisha urithi wake, na Spider wote waliopo leo duniani wanatokana na nyoka huyo mmoja. Jeni yake ni tawala: nakala moja inatosha.

Shemeji alikuwa naye mmoja, dume, na nilimshika. Mwili wake ulitulia mikononi mwangu kama chatu mwingine yeyote, lakini kichwa hakikutulia. Kilitikisika polepole kushoto na kulia kama cha mzee anayesinzia ibadani, kisha kikapinduka taratibu mpaka kidevu kikaangalia dari, na nyoka akakaa hivyo bila kuonyesha kwamba anajua kichwa chake kimepinduka. Wakati wa kula, shemeji alimpa panya aliyekufa kwa koleo refu. Alirusha kichwa akamkosa kwa kama sentimita nne. Akarusha tena, akagonga ukuta wa kisanduku. Mara ya tatu shemeji alimsogezea panya mpaka akamgusa pua, ndipo akamkamata, akajiviringisha naye huku shingo imejisokota kama kamba. Shemeji aliniambia kwamba amezoea. Nilimuuliza ni nani kati yao aliyezoea.

Kila Spider ana tatizo hili, kwa kiwango kidogo au kikubwa, na kwa miaka mingi wapo walioamini kwamba ni hitilafu ya kizazi kimoja ambayo mtu angeweza kuiondoa kwa kuwapandisha na nyoka wa damu tofauti. Wamepandishwa na wa damu tofauti kwa zaidi ya miaka ishirini, na kichwa bado kinatikisika. Haiwezekani kukitenganisha na mchoro kwa sababu si jeni mbili zinazosafiri pamoja. Kwa ushahidi wote uliopo, ni jeni moja inayofanya mambo mawili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliopiga picha za ndani za mafuvu ya nyoka hawa, ulionyesha kwamba sikio lao la ndani, lile linalotunza mizani ya mwili, limeumbika vibaya. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba chembe za rangi huzaliwa mahali palepale, kwenye ukingo wa uti wa neva wa kiinitete, ambapo huanzia pia tishu nyingi za kichwa, kisha husafiri kwenda zinakohitajika. Jeni inayovuruga safari hiyo inaweza kuvuruga ngozi na sikio kwa pigo moja. Mbwa wa aina ya Dalmatian, wale weupe wenye madoa meusi, nao huzaliwa viziwi mara nyingi kuliko mbwa wengine kwa sababu ya namna hiyohiyo: chembe za rangi zinapokosekana ndani ya sikio, sikio halifanyi kazi.

Kuna dalili nyingine ambayo kwangu ni nzito zaidi. Hakuna aliyewahi kuthibitisha Spider mwenye nakala mbili akiwa hai. Inaaminika kwamba mwenye nakala mbili hufa ndani ya yai, na ikiwa ni hivyo basi miongoni mwa watoto wanaoanguliwa kutoka kwa Spider wawili, theluthi mbili watakuwa Spider na hakutakuwa na yeyote wa namna ya tatu. Nchini Uingereza chama kimoja cha wafuga reptilia kiliacha kuruhusu Spider wauzwe kwenye maonyesho yake. Shemeji aliniuliza maoni yangu nami nilimpa: nyoka uliye naye mtunze mpaka afe, anaweza kuishi miaka ishirini na zaidi, lakini usimpandishe. Alikubali nusu. Hapandishi Spider siku hizi, lakini anasema ni kwa sababu bei imeanguka.

Zipo mofu nyingine zenye gharama zake, nami nitazipita haraka. Majike wa Desert hushindwa kuzaa. Caramel Albino huzaliwa na uti wa mgongo uliopinda mara nyingi kupita kawaida. Cinnamon mwenye nakala mbili anaweza kuwa na pua iliyobanwa kama mdomo wa bata. Albino na Piebald hazina kasoro ya namna hiyo inayojulikana, na nashangaa kwamba mtu aliye na chaguo hilo hutafuta lingine.

Ningependa badala yake kukaa kidogo kwa Banana, kwa sababu hapo wafugaji waliwatangulia wanasayansi. Banana ni nyoka wa manjano na zambarau hafifu mwenye vinukta vyeusi vinavyoongezeka kadiri anavyozeeka, na jeni yake huonekana kwa nakala moja. Wafugaji waliona jambo lisiloelezeka: dume mmoja wa Banana akipandishwa, watoto wake walio Banana karibu wote ni madume, dume mwingine, wake karibu wote ni majike. Wakawagawa madume wao katika makundi mawili na kuwauza kwa bei tofauti. Vitabu wakati huo vilisema kwamba nyoka wote huamua jinsia kama kuku, jike akiwa ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Lakini utaratibu wa Banana hauwezekani kwa mfumo wa kuku. Unawezekana kwa mfumo kama wetu wanadamu, ambapo dume ndiye mwenye X na Y. Dume aliyerithi Banana kwa baba yake ameibeba kwenye Y, kwa hiyo anaipeleka kwa wanawe wa kiume. Aliyeirithi kwa mama yake ameibeba kwenye X, anaipeleka kwa binti zake. Vighairi vichache hutokea kromosomu hizo mbili zinapobadilishana vipande. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Tony Gamble walionyesha kwa ushahidi wa DNA kwamba chatu mpira na nyoka wa jamii ya boa kweli wana mfumo wa X na Y. Kila ninapowaambia wanafunzi kwamba daftari lililotunzwa vizuri linaweza kukisahihisha kitabu, huwa ninafikiria daftari za wafuga Banana.

Karibu mofu zote za asili zilianzia barani kwetu. Ghana, Togo na Benin husafirisha chatu mpira kwa wingi, na katika mtindo unaotumika sana, majike wenye mimba hukusanywa mashambani, mayai huanguliwa chini ya uangalizi, na watoto husafirishwa. Kati ya watoto hao mmoja mmoja wa ajabu huonekana, huuzwa kwa fedha ambayo kwa mkulima ni nyingi, kisha ng'ambo uzao wake huuzwa kwa maelfu ya dola mpaka watakapokuwa wengi na bei kushuka. Uganda haimo katika biashara hiyo, na mimi sitamani iingie kwa mlango wa nyuma. Chatu wote wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hapa nchini Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kumkamata na kumfuga mnyama wa porini bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Nililieleza hilo kwa wale wavulana kabla ya kufunga gunia tena.

Na swali la yule mkubwa? Chatu mwenye mstari ni wa aina ileile. Hilo nina hakika nalo. Kama mstari wake unarithiwa, hakuna awezaye kusema kwa kumtazama. Joto la mayai likipanda au kushuka siku fulani za ukuaji wa kiinitete, michoro inaweza kuvurugika bila jeni yoyote kuguswa, na nyoka wa namna hiyo akizaa, watoto wake ni wa kawaida, na watoto wa watoto wake vilevile. Kama mstari ni sifa fichu, watoto wake wa kwanza nao wangekuwa wa kawaida wote, na ingebidi kuwapandisha wenyewe kwa wenyewe, au kumrudishia mmoja wao, ili ionekane kwenye kizazi cha pili. Kwa chatu mpira hiyo ni kazi ya miaka sita au saba. Hapo ndipo neno "kuthibitisha" linapopata uzito wake kwa wafugaji: kabla ya kizazi hicho cha pili, Clark alikuwa na nyoka wa manjano tu.

Nilimpiga picha tatu, moja ya mgongo na mbili za mbavu, kisha tukarudi na wavulana hadi ukingoni mwa shamba la bibi yao, mahali penye kichuguu cha zamani chenye matundu upande wa kivuli. Tulimweka chini. Alikaa kama tufe kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akafunguka, akaingia kwenye tundu la chini kabisa, na mstari ukafuata nyuma yake mpaka ukaisha. Jioni nilimtumia shemeji picha. Alijibu baada ya dakika mbili, kwa swali moja tu: jike au dume? Sikuwa nimeangalia.